Vigari vya Umeme na Barabara za Visiwani

Katika miji mingi ya Ulaya siku hizi vimeenea vigari vidogo vya umeme, vyenye magurudumu manne na viti viwili tu, ambavyo kwa sheria za huko si motokaa wala si pikipiki. Mfano mmoja ni Citroën Ami, iliyotolewa Ufaransa mwaka 2020. Urefu wake haufiki mita mbili na nusu, uzito wake pamoja na betri haufiki kilo 500, na mwendo wake wa juu ni kilomita 45 kwa saa. Swali linalowapasa wananchi wa Unguja na Pemba, na hasa wale waliokabidhiwa dhamana ya barabara zetu, ni hili: je, chombo cha namna hiyo chaweza kutufaa katika safari za kila siku?

Tuanze na lililo jema. Betri ya kigari hicho hubeba yuniti 5.5 za umeme, nayo hujazwa kwa saa chache kutoka tundu la kawaida la nyumbani. Watengenezaji wanasema ikijaa hutosha kwa kilomita 75. Kwa hesabu hiyo, mfanyakazi anayesafiri kilomita 20 kwa siku, kwenda na kurudi, hatumii hata yuniti mbili. Umeme huo ni sawa na wa pasi ya wati 1,000 iliyowashwa kwa saa moja na nusu. Ukilinganisha na petroli, ambayo kila lita yake hufika hapa kwa meli, faida yake ni dhahiri. Aidha, mahali pa kuegesha motokaa moja hutosha vigari viwili, na hilo si jambo dogo kwa anayeujua msongamano wa Darajani asubuhi.

Lakini umeme nao huvuka bahari. Unguja huupata kutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya maji. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani kwa takriban mwezi mmoja, na kuanzia Desemba 2009 giza likarudi kwa miezi mitatu. Waya mpya wa megawati 100 uliowekwa mwaka 2013 umeleta nafuu kubwa. Hata hivyo, mwenye busara hasahau. Chombo kinachotegemea tundu la ukutani husimama umeme unaposimama.

Tena, kila safari ina kipimo chake. Kutoka mjini hadi uwanja wa ndege ni mwendo mfupi, na kigari hiki chaumudu bila taabu. Kwenda Nungwi na kurudi ni zaidi ya kilomita 100, na hapo hakifai. Pemba nako ni nchi ya vilima, na kila mlima hula betri. Mzazi mwenye watoto watatu hatakipatia matumizi, wala mkulima mwenye magunia ya mihogo.

Jambo zito kuliko yote ni usalama. Sheria za Ulaya hazivilazimishi vigari hivi kufaulu majaribio ya mgongano yanayotakiwa kwa motokaa. Mwaka 2014 shirika la Euro NCAP lilivijaribu vinne kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, na vyote vilionyesha upungufu mkubwa katika kuwakinga waliomo. Huko Ufaransa kijana wa miaka 14 huruhusiwa kuviendesha. Sisi tusiige hilo. Kigari cha kilo 500 kikikutana na lori la mchanga katika barabara ya shamba, hakuna haja ya kueleza nani ataumia.

Kwa hiyo jibu letu ni kwamba vigari hivi vyafaa mjini na vitongojini, si zaidi ya hapo. Lakini vitafaa iwapo tu sheria itatangulia. Yafaa Serikali ivitambue kwa daraja lake: barabara zipi vipite na zipi visipite, leseni gani itakiwe, bima iweje. Yafaa pia ijulikane mapema ni nani atakayezipokea betri zilizochoka, kwani ardhi ya visiwa ni finyu na taka hazina pa kukimbilia. Tumeona mara nyingi vyombo vikiingia kwanza na kanuni zikivifuata nyuma zikihema.

Na iwapo majaribio yanatakiwa, ofisi za umma zingekuwa mahali bora pa kuanzia. Gari kubwa la dizeli linalopeleka bahasha moja kutoka ofisi hadi ofisi, zote zikiwa mjini, ni gharama ambayo mwananchi hulipa pasipo kuulizwa. Vigari vichache vikitumika kwa kazi hiyo kwa mwaka mmoja, pamoja na masika yake, na hesabu zake zikaandikwa na kutangazwa, wananchi watapata ushahidi wa kuamulia. Biashara isiachwe ituamulie kabla ya hapo.