Saratani Haiishii Pale Jicho Linapoishia: Funzo kutoka Katika Hisabati

Familia inayouguza mgonjwa wa saratani hukutana na maswali mawili mazito. La kwanza: kwa nini daktari wa upasuaji aondoe hata nyama inayoonekana nzima? La pili: kwa nini mgonjwa aendelee na mionzi ilhali damu imekwisha kukoma? Kwa mama aliyetoka Kilwa au Lindi kwenda kutibiwa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, swali la pili si dogo. Kila wiki ya ziada ni fedha ya chakula na malazi, ni watoto walioachwa, ni shamba linalomngoja. Jibu la maswali yote mawili limo katika elimu ambayo wengi hatuitazamii hospitalini, nayo ni hisabati.

Tuchukue saratani ya shingo ya kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa nchi yetu. Huanza katika tabaka jembamba la seli zinazofunika shingo ya kizazi. Seli zilizoharibiwa na virusi vya HPV huweza kukaa hapo miaka 10 hadi 20, zikizuiwa na utando mwembamba ulio chini yake. Siku zinapoutoboa utando huo, ugonjwa huwa saratani kamili. Tangu hapo madaktari huupima kwa milimita: uvamizi unaoonekana kwa hadubini tu, wenye kina kisichofika milimita 5, huhesabiwa kuwa mwanzo kabisa wa hatua ya kwanza.

Je, seli hizo husafirije? Mwaka 2000, Alexander Anderson na Mark Chaplain, pamoja na wenzao wa Dundee, Uskoti, walichapa milinganyo inayoieleza safari hiyo. Mlinganyo wa kawaida huuliza kitu ni kiasi gani. Milinganyo ya aina hii huuliza kitu kinabadilika kwa kasi gani, mahali gani na wakati gani. Wao walifuatilia mambo matatu: seli za saratani, nyuzi za protini zinazoushikamanisha mwili, na vimeng'enya ambavyo seli hizo huvitoa ili kuziyeyusha nyuzi. Seli hutangatanga huku na huko, nazo huvutwa kuelekea palipo na nyuzi nyingi zaidi. Katika hesabu hizo, kundi dogo la seli hujitenga na uvimbe na kutangulia mbele, likiwa chache mno kuonekana.

Sisi watu wa pwani tunao mfano wake katika mikoko. Mche wa mkoko huanza kuota ukiwa ungali juu ya mti mama, kisha huanguka na kuchukuliwa na maji. Aliye ndani ya mashua huona miti mirefu na kudhani msitu umeishia hapo, kumbe miche imekwisha kushika mizizi katika tope lililo mbele. Akikata miti mirefu peke yake, msitu utarudi.

Kasi ya ukingo wa namna hiyo ilikwisha kukokotolewa mwaka 1937 na Ronald Fisher wa Uingereza, na mwaka huohuo na Andrei Kolmogorov na wenzake mjini Moscow. Zidisha kasi ya kuzaliana kwa kiwango cha kutangatanga, tafuta kipeuo cha pili cha zao hilo, kisha uzidishe kwa 2. Kanuni hii ina onyo ndani yake. Tiba ikipunguza kuzaliana hadi robo, kasi ya ukingo hushuka hadi nusu tu, kwa kuwa kipeuo cha pili cha robo ni nusu. Ukingo umepunguza mwendo, lakini haujasimama.

Hapo ndipo maswali yetu yanapojibiwa. Daktari huondoa nyama inayoonekana nzima kwa sababu huenda seli zilizotangulia zimo humo. Mionzi nayo huendelea baada ya damu kukoma kwa sababu seli zilizobaki bado zinazaliana. Ndiyo maana tiba ya mionzi ya ugonjwa huu hushauriwa ikamilike ndani ya wiki 8, bila kukatizwa katikati.

Hesabu hizi hazichukui nafasi ya daktari, wala haziwezi kumtabiria mgonjwa mmoja siku zake. Zinatusaidia kuelewa kwa nini tusiamini macho peke yake. Kwa hiyo, akina mama wa miaka 30 hadi 50 wasingoje dalili. Uchunguzi wa kupaka siki kwenye shingo ya kizazi huchukua dakika chache, na huweza kuona mabadiliko kabla utando haujatobolewa. Wazazi nao wawapeleke mabinti wa miaka 9 hadi 14 kupata chanjo ya HPV, ambayo sasa hutolewa nchini kwa dozi moja.

Jumuiya ndogondogo na WAWATA wanayo kazi hapa. Mgonjwa anayerudi nyumbani kabla ya wakati mara nyingi hakukosa imani wala akili. Alikosa nauli, chakula na mtu wa kumtunzia watoto. Mchango unaomwezesha kumaliza wiki zake za mionzi ni sehemu ya tiba yenyewe.