Somo la matetemeko lisiwe la kukariri

Wahenga walituasa tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta. Uko ufa mmoja, hata hivyo, ambao hakuna fundi awezaye kuuziba. Uko chini ya Bahari ya Hindi, magharibi mwa kisiwa cha Sumatra nchini Indonesia, ambako bamba moja la ganda la dunia huzama polepole chini ya jingine. Mabamba hayo husogea sentimita chache tu kwa mwaka. Lakini pale yanapokamatana, ukingo wa bamba la juu huburutwa na kupindwa kwa miaka mingi, hata siku moja ufyatuke kama mtego. Mfyatuko huo ndio tetemeko, na maji yanayosukumwa nao ndiyo tsunami.

Msiba wa ufa huo si wa Waindonesia peke yao. Ulipofyatuka upande wa kaskazini tarehe 26 Desemba, 2004, mawimbi yaliangamiza zaidi ya watu 220,000, yakavuka bahari na kuua karibu 300 huko Somalia, na mmoja katika pwani yetu ya Kenya.

Kinachonivutia zaidi ni habari za miezi michache kabla ya siku hiyo. Mwanajiolojia Kerry Sieh, wa Taasisi ya Teknolojia ya California, pamoja na Danny Hilman Natawidjaja wa Indonesia na wenzao, walikuwa wamechunguza kwa miaka mingi matumbawe ya visiwa vya Mentawai. Matumbawe hayaoti juu ya usawa wa maji kupwa. Kisiwa kikididimia, hupata nafasi ya kupanda. Kikiinuliwa, vichwa vyake hufa. Ndani yake mna miviringo ya miaka kama ile ya miti. Humo wataalamu hao walisoma, kama mtu asomavyo daftari, matetemeko makubwa ya mwaka 1797 na 1833, wakatambua kwamba mengine yanakuja. Basi Julai 2004 waliona haitoshi kuandikiana makala wao kwa wao. Wakabeba mabango na vijitabu, wakawaendea wanavisiwa. Mwaka 2005, mjini Padang, raia wenyewe wakaanzisha jumuiya ya KOGAMI ya kuwafunza watu, wakiwamo wanafunzi, namna ya kujiokoa.

Ningependa kusema kwamba hadithi iliishia hapo kwa heri. Haikuishia.

Septemba 2007 visiwa hivyo vilitikiswa kwa kishindo, na mawimbi yaliyofuata yakawa madogo. Kisha, usiku wa tarehe 25 Oktoba, 2010, ardhi iliyumba taratibu, kwa muda mrefu, kama mtumbwi uliotiwa nanga. Wengi walililinganisha tetemeko hili na lile la 2007, wakaliona jepesi, wasikimbie. Zaidi ya watu 400 walikufa, wengi wao katika visiwa vya Pagai. Safari hii ufa ulikuwa umepasuka polepole karibu na sakafu ya bahari, ukasukuma maji mengi pasipo kuwatikisa sana watu.

Hapo ndipo ninapowageukia walimu wenzangu. Anayejua tu kwamba "tetemeko kali huleta tsunami" amejua nusu, na nusu hiyo yaweza kumuua. Aliyeelewa jinsi bamba linavyofyatuka atajua kuhesabu: mtikisiko ukiwa mkali, au ukidumu kama dakika moja hata ukiwa hafifu, mtu wa pwani ile apande mlimani bila kungoja amri. Mtihani wetu aghalabu huuliza majina ya mabamba. Sijaona ukiuliza muda wa mtikisiko.

Wala tusidhani kwamba somo la Mentawai laweza kunakiliwa neno kwa neno Lamu au Malindi. Kule, wimbi hufika baada ya dakika chache. Huku lilichukua saa kadhaa mwaka 2004, muda uliotosha habari kutangulia na watu kuondolewa ufuoni. Lakini kwa umbali huo, onyo la ardhi kutikisika halimfikii mtoto wa Lamu. Ishara yake ni tangazo la redio, au bahari kurudi nyuma ghafula saa isiyo ya maji kupwa, huku samaki wakibaki mchangani na watoto wenzake wakikimbilia kuwaokota. Mwalimu achorapo mabamba ubaoni, na achore na ufuo huo, kisha awaulize wanafunzi wangeelekea wapi.