Udongo wa mawe Timau: Kwa nini msitu hunawiri mahali ambapo jembe hugonga mwamba

MSAFIRI anayepita katika barabara kuu ya Nanyuki kuelekea Meru huona mashamba mapana ya ngano, shayiri na viazi kandokando ya mji wa Timau. Juu ya mashamba hayo, mitarakwa na mizeituni mwitu imefunika miteremko ya Mlima Kenya. Ni rahisi kudhani kwamba ardhi inayoweza kubeba miti mikubwa namna hiyo haiwezi kushindwa na viazi.

Dhana hiyo imechangia kuharibu sehemu nyingi za milima nchini. Msitu wa mlimani waweza kusimama juu ya udongo usiozidi kina cha shubiri moja, huku chini yake kukiwa na mwamba mtupu. Ili kuelewa jinsi hali hiyo inavyowezekana, ni muhimu kufahamu udongo huo ulitokana na nini, una sifa gani, na wataalamu huupanga katika kundi gani.

Chanzo cha udongo

Mlima Kenya, ambao kilele chake cha Batian kina urefu wa mita 5,199, ni volkano iliyozimika mamilioni ya miaka iliyopita. Lava na majivu yake ndiyo yaliyozaa udongo wote wa Timau. Baadaye barafu iliyofunika sehemu za juu ilichonga mabonde na kuacha malundo ya mawe, na mito kama vile Sirimon na Timau ikaendelea kukata makorongo.

Udongo hutokana na kumomonyoka kwa mwamba pole pole kutokana na maji, joto, baridi na viumbe hai. Kazi hiyo huenda kwa mwendo wa kobe. Kwa mujibu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), huenda ikachukua hadi miaka 1,000 kupata udongo wa kina cha sentimita mbili au tatu pekee.

Katika ardhi tambarare, udongo unaozaliwa hubaki pale pale na kuongezeka. Kwenye mteremko mkali, mvua huuteremsha kabla haujaongezeka. Ndiyo maana udongo wa ukingoni ni mchanga kwa umri na mwembamba, ilhali ule wa chini bondeni ni mzito na wa kina kirefu.

Uhusiano huo ulielezwa na mtaalamu aliyefanya kazi papa hapa Afrika Mashariki. Mnamo 1935, Geoffrey Milne wa kituo cha utafiti cha Amani, Tanganyika, alieleza kuwa udongo wa kilima kimoja hufuatana kama pete za mnyororo, kuanzia kileleni hadi bondeni, na akautumia mpangilio huo kuchora ramani ya udongo wa eneo hili. Neno alilolitumia, katena, lina maana ya mnyororo kwa Kilatini, na bado hufundishwa vyuoni kote duniani.

Jinsi udongo unavyopewa jina

Mwaka wa 1982, Idara ya Uchunguzi wa Udongo nchini ilichapisha ramani ya udongo wa Kenya nzima, ikifuata utaratibu wa FAO na Unesco wa 1974. Wakati huo udongo mwembamba ulio juu ya mwamba uliitwa Lithosoli, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya jiwe. Katika marekebisho ya 1988, Lithosoli na aina nyingine za udongo mwembamba ziliunganishwa kuwa kundi moja la Leptosoli, yaani udongo mwembamba. Jina hilo ndilo linalotumika hadi leo katika utaratibu wa kimataifa, ambao toleo lake la nne lilitolewa mwaka wa 2022.

Udongo huitwa Leptosoli ukitimiza mojawapo ya masharti mawili. La kwanza ni kuwa mwamba usiokatika unapatikana katika sentimita 25 za kwanza. La pili ni kuwa mawe na changarawe ni nyingi mno, hivi kwamba udongo laini, ule wa chembe zisizozidi milimita mbili, haufiki asilimia 20 ya ujazo wote hadi kina cha sentimita 75, au hadi kwenye mwamba.

Baada ya jina hilo kuu huongezwa sifa. Mwamba ukiwa ndani ya sentimita 10 tu, udongo huitwa wa Lithiki. Tabaka la juu likiwa jeusi na lenye madini mengi ya kalisi na magnesi, huitwa wa Moliki. Likiwa jeusi lakini lenye asidi nyingi, huitwa wa Umbriki.

Mvua ndiyo huleta tofauti hiyo ya mwisho. Miteremko ya kusini mashariki mwa Mlima Kenya hupata takriban milimita 2,300 kwa mwaka, na maji hayo huosha madini na kuacha asidi. Upande wa kaskazini, uliokingwa na mlima, hupata takriban milimita 900. Madini hubaki kwa wingi zaidi huko, na ndiyo maana mitarakwa inayopenda ukavu imeshamiri upande wa Timau.

Leptosoli haiko peke yake mlimani. Pale ambapo majivu ya volkano yaliweza kutulia, kuna Andosoli, udongo mweusi na mwepesi unaohifadhi maji mengi lakini unaoshika fosforasi kwa nguvu kiasi kwamba mimea huipata kwa shida. Mkulima wa viazi mwenye udongo wa aina hii hufaidika zaidi akiweka mbolea ya fosforasi karibu na mbegu badala ya kuitawanya shambani kote.

Hesabu ya maji

Tofauti kati ya Leptosoli na udongo wa kina huonekana wazi mvua inapokatika. Udongo wa tifutifu wenye kina cha mita moja waweza kuhifadhi takriban milimita 150 za maji yanayoweza kufyonzwa na mimea. Zao linalotumia milimita tano kwa siku litastahimili kwa takriban mwezi mmoja.

Sasa chukua udongo wa sentimita 20 ambao nusu yake ni mawe. Udongo halisi uliopo ni sawa na sentimita 10, na maji yake ni milimita 15. Zao lile lile litaanza kunyauka baada ya siku tatu. Hakuna mbolea inayoweza kuziba pengo hilo.

Mti wa msituni huishi kwa njia nyingine. Mizizi yake hupenya katika nyufa za mwamba na kufuata maji yaliyojificha humo. Majani yake yaliyoanguka huoza na kuwa mboji, na mboji hiyo ndiyo hazina ya chakula ya msitu mzima. Kwa maneno mengine, rutuba ya mahali hapo imo zaidi katika msitu wenyewe kuliko katika ardhi. Mti unapokatwa na mboji kuungua, kinachobaki ni mawe.

Pia mvua ikinyesha juu ya mwamba ulio wazi, maji hayana pa kuzama. Hutiririka kwa kasi, hujaza mito kwa saa chache, kisha mito hukauka. Mito ya upande huu huelekea Ewaso Ng'iro Kaskazini, inayotegemewa na wafugaji wa Laikipia, Isiolo na Samburu.

Suala la sera

Hatari hii si ya kubuni. Mwaka wa 1999, uchunguzi wa angani uliosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) ulionyesha ukataji miti, uchomaji makaa na mashamba ya bangi katika misitu ya Mlima Kenya, Imenti na Ngare Ndare. Machi 2012, moto mkubwa uliteketeza sehemu kadhaa za mlima huo.

Septemba 2022, mjadala ulizuka upya baada ya Naibu wa Rais wa wakati huo, Rigathi Gachagua, kutaka wakulima waruhusiwe tena kulima msituni chini ya mfumo wa shamba, ambapo mazao hupandwa katikati ya miche hadi miti ikue. Watetezi wa mfumo huo husema huwapa maskini chakula na serikali miti. Wapinzani husema hufungua mlango wa uharibifu.

Udongo hauwezi kumaliza ubishi huo, lakini unaonyesha kwamba swali la "tulime msituni au tusilime" halina jibu moja kwa mlima mzima. Ardhi ya kina kirefu kwenye mteremko wa wastani yaweza kustahimili miaka michache ya mazao. Leptosoli kwenye ukingo mkali haiwezi.

Kuzitambua hakuhitaji maabara. Shimo moja la kina cha nusu mita, futi ya kupimia na chekeche la matundu ya milimita mbili vinatosha kwa kuanzia. Jembe likigonga mwamba kabla ya sentimita 25, mahali hapo paachiwe miti.