Jeki Huinua, Haishikilii

Katika Kiswahili cha magazeti, "kupiga jeki" ni kusaidia: mradi hupigwa jeki, timu hupigwa jeki. Sitiari hiyo imesahau jambo ambalo fundi wa Masimba hana budi kulikumbuka: jeki huinua tu, haishikilii.

Gari dogo la chini likipata pancha huzidi kuinama, na jeki ya chupa aghalabu haipenyi. Basi mnunuzi asihadaike na tani zilizoandikwa. Apime kwanza kimo cha jeki ikiwa imeshushwa kabisa. Jeki ya magurudumu hupenya, lakini mkono wake huinuka kwa kupinda, hivyo sharti ibiringike. Kwenye udongo laini wa vilima vya Kisii magurudumu hayo huzama, na kichwa chake huweza kuteleza. Itafutwe sakafu ngumu iliyo sawa, na magurudumu ya gari yazuiliwe.

Isitoshe, mpira mdogo ndani ya jeki ukivuja, gari hushuka bila kuaga. Matofali nayo hupasuka. Mwenye gareji anayemtuma mwanagenzi uvunguni bila stendi za chuma amepima uhai wa mtoto wa mwenzake kwa bei ya vyuma viwili.