KUMWASILI MTOTO KWENDA NG'AMBO: AMRI NI YA MAHAKAMA

Watumishi wa umma na wakazi wa Kata ya Kyimo, Wilaya ya Rungwe, wanaelezwa hapa masharti ya sheria pale mgeni anapotaka kumwasili mtoto wa Kitanzania.

Kuasili si kumsomesha mtoto, wala si kumpeleka kwa ndugu akalelewe. Ni amri ya Mahakama inayokata haki na wajibu wa wazazi waliomzaa na kuvihamishia kwa aliyemwasili. Tofauti hiyo isipoeleweka, majuto hufuata. Katika nchi jirani ya Malawi, mwaka 2006, mwimbaji wa Marekani Madonna alipewa amri ya muda ya kumchukua mtoto aliyekuwa katika kituo cha yatima. Baba wa mtoto alikuwa hai. Alieleza baadaye kwamba alidhani mwanawe anakwenda kulelewa na kusomeshwa tu, ingawa hakutaka shauri hilo livunjwe.

Hapa nchini, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mgeni atimize masharti yafuatayo:

(a) awe ameishi Tanzania miaka 3 mfululizo;

(b) awe amemlea mtoto huyo kwa muda usiopungua miezi 3, chini ya usimamizi wa Ofisa Ustawi wa Jamii;

(c) asiwe na rekodi ya uhalifu nchini kwake;

(d) awe na pendekezo la mamlaka husika ya nchi yake kwamba anafaa;

(e) airidhishe Mahakama kwamba nchi yake itaitambua amri hiyo.

Maombi hupelekwa Mahakama Kuu. Kwa hiyo barua ya kijiji, alama ya kidole gumba ya mzazi, au ridhaa ya msimamizi wa makao ya watoto, haimpi mtu yeyote mamlaka ya kuondoka na mtoto.

Aidha, Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2003, unahesabu kuasiliwa nje ya nchi kuwa njia ya mwisho, baada ya kukosekana malezi yanayofaa nchini. Shangazi, mjomba na bibi hutafutwa kwanza.

Mtendaji wa kijiji au kata atakayeombwa kugonga muhuri kwa ajili ya safari ya namna hiyo asiugonge, bali amwelekeze mwombaji kwa Ofisa Ustawi wa Jamii wa Halmashauri. Mzazi naye asitie saini karatasi asiyosomewa kwa lugha anayoielewa.