Visikizi vya bei ghali: Je, vinalinda masikio yako?

NI saa kumi na mbili jioni jijini Nairobi. Matatu ya nambari 46 inajaza abiria wa Kawangware. Makanga anaita watu, honi zinalia, na muziki unarindima kutoka kwa spika zilizofungwa chini ya viti. Kijana mmoja anaketi, anatia visikizi masikioni na kuongeza sauti hadi mwisho ili wimbo wake ushinde ule wa matatu. Jirani yake anausikia wimbo huo wote, ilhali yeye hana visikizi.

Hali ni hiyo hiyo katika matatu za nambari 8 ziendazo Kibera. Ukimuonya kijana kama huyu, atakwambia kwamba visikizi vyake ni vya bei ghali, hivyo haviwezi kumdhuru. Je, ni kweli?

Sikio hufanyaje kazi?

Sauti hupita katika tundu la sikio, lenye urefu wa takriban sentimita 2.5, na kutikisa kiwambo. Mtikisiko huo huingia ndani zaidi, katika sehemu iliyojipinda mithili ya konokono. Humo mna seli zipatazo 15,000 zenye vinyweleo vidogo sana, ambazo hupeleka habari kwenye ubongo. Sauti kubwa ikizidi, seli hizo huchoka, kisha hufa. Ngozi ikikatwa hupona, lakini seli hizi zikifa hazioti tena.

Zinazoharibika kwanza ni zile zinazopokea sauti nyembamba. Ndiyo maana mtu anayeanza kupoteza usikivu husema, "Nasikia unaongea, lakini sielewi unasema nini." Herufi kama s, f, sh na th humpotea, naye hubaki na irabu tu. Mwalimu akisema "fika" au "shika", kwake ni neno moja.

Kipimo ni kipi?

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu. Kwa hivyo, desibeli 83 ni saa 20, desibeli 86 ni saa 10, na desibeli 89 ni saa 5 tu.

Tuseme kijana wetu hukaa katika matatu saa moja asubuhi na saa moja jioni, akisikiliza kwa desibeli 89. Akianza Jumatatu, kufikia Jumatano asubuhi atakuwa amemaliza saa zake za wiki nzima. WHO inakadiria kwamba vijana zaidi ya bilioni moja duniani wamo hatarini kwa sababu ya kusikiliza kwa njia isiyo salama.

Umbo ni muhimu kuliko bei

Hapa ndipo ubora wa kifaa unapoingia. Visikizi vinavyokaa tu mlangoni mwa sikio huacha kelele za nje ziingie. Ikiwa matatu ina kelele za desibeli 85, mwenye visikizi vya aina hiyo hulazimika kupandisha muziki wake kupita kiwango hicho.

Vile vyenye vifuniko vya silikoni au sponji huziba tundu la sikio. Vikitoshea sawasawa, vinaweza kupunguza kelele za nje kwa desibeli 20 au zaidi. Kelele za matatu ile zikishuka hadi 65, muziki wa desibeli 75 utasikika vizuri na sikio halitaumia. Mwaka wa 1991, kampuni ya Etymotic ya Marekani ilipotoa visikizi vyake vya ER-4, kuziba kelele kwa njia hii ilikuwa sifa yake kubwa. Siku hizi kuna pia vifaa vinavyonasa kelele kwa maikrofoni na kuzifuta kwa umeme, hasa mngurumo wa injini.

Kwa hivyo, visikizi vizuri vinaweza kukusaidia, mradi tu upunguze sauti. Ukiviziba vizuri na bado ukapandisha sauti hadi mwisho, bei yake haitakuokoa. Tena vingine vya bei ghali vina nguvu zaidi ya kuumiza.

Unaponunua

Katika vibanda vya Kibera na Kawangware hukosi kuona visikizi vya shilingi mia chache vilivyochapishwa jina la kampuni kubwa ambayo bidhaa zake huuzwa kwa maelfu. Usinunue jina. Jaribu hivi:

Kwanza, vitie masikioni bila muziki, kisha usugue vidole karibu na sikio. Ikiwa bado unasikia vizuri, havijaziba. Badilisha vifuniko, vidogo kwa vikubwa. Usishangae sikio la kulia likihitaji kipimo tofauti na la kushoto.

Pili, sikiliza wimbo unaoujua vyema, kwa sauti ya chini. Besi ikikosekana, huenda havijaziba, na utashawishika kuongeza sauti. Besi ikimeza sauti ya mwimbaji, pia utaongeza ili usikie maneno. Kifaa kizuri hukuwezesha kusikia kila ala na kila neno bila kupandisha sauti.

Tatu, sikiliza mtangazaji wa redio. Herufi s ikikuchoma sikio kama sindano, kifaa hicho kitakuchosha upesi.

Nne, vivae kwa dakika 10. Vikiuma dukani, nyumbani vitauma zaidi.

Matumizi ya kila siku

Weka sauti ukiwa mahali patulivu, isizidi asilimia 60, na usiiongeze ukipanda matatu. Pumzisha masikio kila baada ya muda. Osha vifuniko vya silikoni kwa sabuni na maji ya vuguvugu, uvikaushe kabla ya kuvirudisha. Usiazimane visikizi na mtu mwenye usaha sikioni. Usichokoe nta kwa kijiti cha kiberiti wala kibanio cha nywele.

Na kwa wakazi wa Kibera: unapotembea kwenye reli, vitoe kabisa. Kifaa kinachozuia kelele za matatu huzuia pia honi ya garimoshi.

Ukisikia mlio usiokwisha sikioni, au ukiona kwamba unawaomba watu warudie maneno kila mara, nenda ukapimwe. Sikio likiziba ghafla na kukosa kusikia, usingoje wiki ipite. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa matibabu ya mapema huweza kulinusuru.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Lako lingali linasikia. Msomaji, punguza sauti leo.