Teril ya Lubumbashi na chembe isiyoonekana

Je, wajua kwamba ndani ya teril ya Lubumbashi, kile kilima cheusi kando ya dohani ndefu ya kampuni ya madini ya Gécamines, mna metali ambayo wanafizikia huitumia kusaka chembe ambayo hakuna aliyepata kuiona?

Kilima chenyewe ni mavi ya chuma tu. Tanuru la shaba liliwashwa mwaka 1911, na kwa miaka 80 hivi masalia yake yakamwagwa pale yakiwa bado mekundu kwa moto. Mawe ya mgodi wa Kipushi, umbali wa kilomita 30 hivi, yalileta shaba na zinki, tena na gerimani, ndiyo metali tunayoizungumzia.

Gerimani nayo iliwahi kuwa kitu cha kubuniwa. Mwaka 1871 Mrusi Dmitri Mendeleev aliacha nafasi tupu kwenye jedwali lake, akatabiri kwamba metali ya kuijaza ingekuwa na uzito wa atomu 72. Mjerumani Clemens Winkler akaipata mwaka 1886: uzito wake ni 72.6. Si haba!

Sasa zamu ni ya chembe inayodhaniwa kuunda maada ya giza, yaani maada isiyoonekana. Tangu Fritz Zwicky alipoona, mwaka 1933, kwamba galaksi zinakimbia kasi kuliko uzito unaoonekana unavyoruhusu, wanaastronomia wamefikia hesabu hii: maada tunayoijua ni kama sehemu 1 tu kati ya 6 za maada yote; iliyobaki ni ya giza.

Chembe hiyo inasakwaje? Gerimani safi kabisa hupozwa hadi karibu nyuzi 273 chini ya sifuri. Chembe ikigonga kiini cha atomu, kipande kizima hutikisika kidogo mno na kutoa chaji ya umeme. Tatizo ni kelele. Chembe nyingine ziitwazo myuoni, zinazoshuka kutoka angani, hupita kwenye kiganja chako karibu moja kila sekunde. Ndiyo maana vifaa huzikwa migodini. Jaribio la mwanzo la gerimani, lililotangazwa mwaka 1987, lilifanyika katika mgodi wa dhahabu wa Homestake, Marekani. Huko SNOLAB, Kanada, wanasayansi hushuka kilomita 2 pamoja na wachimba nikeli, hutembea ndani ya handaki, kisha huoga na kubadili nguo kabla ya kuingia maabara, kwa sababu vumbi la mgodi lina mionzi. Mchimbaji wa Kipushi angecheka: kwao mtu huoga akitoka, si akiingia.

Mwaka 2024 shehena ya kwanza ya gerimani ya teril ilikwenda Ubelgiji kwa Umicore, ambayo zamani iliitwa Union Minière, yaani wale wale waliowasha tanuru. Sehemu kubwa ya gerimani duniani huishia kwenye nyaya za intaneti, kamera za kuonea gizani na paneli za sola za setilaiti. Wasaka chembe huchukua kidogo tu.

Na chembe yenyewe? Karibu miaka 40 tangu Homestake, hakuna hata moja iliyothibitishwa.